Je, maltikasti inafaa kwa kurusha video mbashara kupitia intaneti?

Mitambo_Chuoni:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Niko kitengo cha TEHAMA katika chuo chenye kampasi tatu, na kila mwaka tunarusha mahafali moja kwa moja ili wazazi wasioweza kusafiri wawaone watoto wao wakitunukiwa shahada. Tunatumia seva yetu wenyewe iliyoko chuoni, kwa sababu uongozi hautaki kuona tangazo la sabuni likijitokeza katikati ya hotuba ya mkuu wa chuo kama inavyotokea kwenye majukwaa ya bure.

Tatizo letu ni hesabu. Mkondo wa video ni wa megabiti 3 kwa sekunde na njia yetu ya kwenda nje ni ya megabiti 200, kwa hiyo hata kama ofisi zote zingezima kompyuta, watazamaji wa nje wasingezidi 66. Kwa hali halisi picha huanza kuganda mapema zaidi. Wazazi 400 wangehitaji megabiti 1,200, na bajeti ya kununua njia ya ukubwa huo kwa ajili ya tukio la siku moja haipo.

Katika kusoma nimekutana na maltikasti. Nilivyoelewa, seva hutoa nakala moja tu ya kila pakiti, na ruta zilizoko njiani ndizo zinazozidisha nakala pale tu ambapo njia za watazamaji zinaachana. Kama ndivyo, megabiti 3 zetu zingewatosha watu 400 au hata 40,000 bila seva kuhisi tofauti yoyote. Tulipomwomba mtoa huduma wetu aifungue, alijibu kwamba hawaipitishi, na hakueleza zaidi.

Naomba kueleweshwa. Je, huu ni uzembe wa mtoa huduma, au kuna sababu ya msingi? Je, tukihamia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kizuizi hicho kitaondoka? Na kama haiwezekani kwenda nje, inaweza kutusaidia ndani ya kampasi, ambako tuna kumbi na mabweni yenye skrini?

Mzee_wa_Ruta:

Ndugu Mitambo, umeielewa vizuri maltikasti yenyewe, na jibu ulilopewa, ingawa halina adabu, ni la kweli. Ukiwauliza watoa huduma wengine duniani kuhusu mteja wa kawaida, karibu wote watakujibu hivyohivyo.

Wazo hili si geni. Steve Deering alilifanyia kazi akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, na waraka wa RFC 1112 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) uliotoka Agosti 1989 ndio uliosimika namna kompyuta inavyojiunga na kundi la kupokea. Mwezi Machi 1992 wahandisi wa IETF, jumuiya inayotunga kanuni za intaneti, walipokutana San Diego, sauti za kikao chao zilirushwa kwa njia hii hadi vituo takriban 20. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa MBone, mtandao wa maltikasti uliojengwa juu ya intaneti kwa kutoboa mahandaki (pakiti za maltikasti zikifungwa ndani ya pakiti za kawaida) kati ya visiwa vya ruta zilizoielewa, kwa kuwa ruta nyingi za wakati huo hazikuielewa kabisa. Novemba 1994 sehemu ya tamasha la Rolling Stones huko Dallas ilipita humo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba haikujaribiwa. Ilijaribiwa kabla wengi wetu hatujaona kivinjari.

Sasa kwa nini haikuenea? Sababu ya kwanza inayotajwa ni ugumu wa kiufundi, na ulikuwepo kweli. Anwani ya kawaida huiambia ruta mtu yuko wapi, na ruta ya uti wa mgongo inaweza kufupisha mamilioni ya anwani kwa kuziweka katika mafungu. Anwani ya kundi, yaani zile za kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, haisemi lolote kuhusu mahali. Inataja jina la kundi tu, na wanachama wake wanaweza kuwa Mbeya, Muscat na Toronto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila kundi linalopita linahitaji mstari wake katika kumbukumbu ya kila ruta iliyoko njiani, na mistari hiyo haifupishiki. Zaidi ya hapo, mfumo wa awali ulimruhusu mtu yeyote kutuma kwenye kundi lolote, na mitandao ililazimika kuarifiana kila chanzo kipya kilipozaliwa. Januari 2001 kirusi kilichoitwa Ramen kilianza kupiga hodi kwenye anwani ovyo, zikiwemo za maltikasti. Kila hodi ikahesabiwa kuwa chanzo kipya, na ruta zikazama katika taarifa za vyanzo visivyokuwepo. Baada ya tukio hilo wasimamizi wengi wa mitandao walipoteza hamu.

Hata hivyo, tatizo hilo lilipata dawa. Maltikasti ya chanzo maalumu, ambayo RFC 4607 iliiwekea kanuni mwaka 2006, inamtaka mpokeaji ataje kundi pamoja na anwani ya anayetuma, kwa hiyo mvamizi hana pa kupenyea na lile zoezi la kuarifiana vyanzo halihitajiki. Mwaka 2020 IETF, kupitia RFC 8815, ilishauri mfumo wa zamani uachwe kabisa baina ya mitandao na utumike huu. Kwa hiyo ukiniuliza leo, nitasema kizuizi kikubwa ni fedha.

Fikiria anayeokoa ni nani. Wewe uliyeko kwenye chanzo unaokoa karibu kila kitu: badala ya megabiti 1,200 unalipia 3. Mtoa huduma wako aliyekuwa akuuzie megabiti 1,200 amekosa mauzo. Aliyeko katikati anapokea megabiti 3 kutoka kwako na kuzitoa kwenye milango 30, huku akiwa amezoea kutoza kwa kiasi kinachopita. Ni kama abiria aliyekata tiketi moja Dar, kisha akashuka Moshi, Arusha na Namanga kwa wakati mmoja: kondakta amdai nauli ya wapi? Mpaka leo mitandao haijapata namna ya kudaiana inayokubalika na wote. Na mnyororo huu haukubali pengo, kwani inatosha mtandao mmoja kati yako na mzazi ukatae ili picha isifike.

Kuhusu IPv6, inakupa anwani za makundi zisizokwisha na inalazimisha kila kifaa kuielewa maltikasti katika mtandao wake wa karibu. Haimlazimishi mtoa huduma kuipitisha wala haimwonyeshi atatoza nini. Hamieni IPv6 kwa sababu nyingine, si hii.

Dada_Vipande:

Nakubaliana na mzee, ila naona ameacha upande wa mtazamaji, na mimi kazi yangu iko huko.

Mzazi atafungua kiungo kwa simu, ndani ya kivinjari. Vivinjari tunavyotumia, Chrome au Safari, havina mlango wa kupokea pakiti za maltikasti. Hata kama ruta zote za dunia zingekubali kesho asubuhi, ungelazimika kuwaomba wazazi 400 wapakue programu maalumu kabla ya mahafali. Kaka, unajua mwenyewe zoezi hilo litaishia wapi.

Jambo la pili ni kasi zisizolingana. Maltikasti hutuma mkondo mmoja wa kasi moja kwa kundi zima, wakati mzazi mmoja ana nyuzi za kioo nyumbani Mikocheni na mwingine yuko kijijini ambako simu inashika 3G kwa kubahatisha. Mkondo wa megabiti 3 utamfaa wa kwanza na kumnyima wa pili. Mwaka 1996 McCanne, Jacobson na Vetterli walipendekeza video igawanywe katika matabaka, kila tabaka na kundi lake, na mpokeaji ajiunge na matabaka anayoyaweza. Ni wazo zuri sana ambalo halikupata soko. Halafu kuna hasara za njiani: maltikasti husafiri kwa UDP, njia ya kutuma isiyorudia kilichopotea, kwa hiyo pakiti iliyopotea imepotea, na mtumaji hana namna ya kujua kwamba njia imejaa ili apunguze mwendo.

Kilichoshinda ni kitu ambacho kwenye karatasi kinaonekana cha kijinga. Mwaka 2009 Apple ilileta HLS, na mwaka 2012 kikatoka kiwango cha kimataifa cha DASH. Vyote viwili hukatakata video katika vipande vya sekunde chache, kila kipande katika ubora wa aina kadhaa, na simu huomba kipande kinachofuata kwa HTTP kama inavyoomba picha yoyote ya tovuti. Simu ndiyo inayoamua ichukue kipande kinene au chembamba kulingana na hali ya njia. Na kwa kuwa kipande ni faili la kawaida, seva yoyote ya akiba iliyoko njiani inaweza kulihifadhi na kuligawa. Netflix walipoanza kuweka mashine zao ndani ya mitandao ya watoa huduma mwaka 2012, walikuwa wakifanya kazi ileile ya kuzidisha nakala karibu na mtazamaji, isipokuwa inafanyika kwenye seva badala ya ruta, na kila mmoja anajua anamlipa nani. Fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2023, kwa taarifa ya Hotstar wenyewe, jukwaa la video la India, ilitazamwa na watu milioni 59 kwa wakati mmoja, na ilifika kwa vipande vya namna hii.

Mwisho, uongozi wako utakuuliza wazazi wangapi walitazama. Seva ya vipande inakupa jibu. Kwa maltikasti chanzo hakijui idadi ya wanaopokea.

Mitambo_Chuoni:

Nawashukuru sana, mzee na dada. Nimeelewa kwamba nje ya chuo njia hiyo imefungwa, na kilichoifunga si swichi ya mtu mmoja. Je, niifute kabisa akilini, au ndani ya kampasi bado ina nafasi? Tuna skrini katika kumbi sita na katika mabweni, nyingine zimeungwa kwa waya na nyingine kwa Wi-Fi. Tulifanya jaribio dogo kwa programu ya video ya VLC kutoka ofisini: kwenye chumba kilekile picha ilitoka vizuri, ikaganda baada ya dakika nne na kitu na haikurudi mpaka tulipofungua upya. Katika jengo la jirani haikutoka kabisa.

Fundi_Swichi:

Mkuu, dalili zote mbili nazifahamu na zote zina tiba. Nimejenga mifumo ya televisheni ya hoteli kwa miaka, na hoteli nyingi hutumia maltikasti hiihii: vyumba 200, chaneli 40, na mtandao haulemewi kwa sababu kila swichi hupeleka chumbani chaneli ile tu ambayo mgeni amechagua.

Anza na jengo la jirani. Pakiti za maltikasti zinapotoka kwenye kompyuta bila kuelekezwa vingine, hubeba TTL (kikomo cha safari ya pakiti, kinachopungua kwa kila ruta) ya 1, maana yake ruta ya kwanza itakayokutana nazo itazitupa. Ongeza thamani hiyo kwenye mpangilio wa VLC, weka kwa mfano 16. Kisha hakikisha ruta iliyoko kati ya majengo imewashiwa PIM, utaratibu wa ruta wa kuelekeza maltikasti, kwa sababu bila hiyo ruta haihamishi maltikasti kutoka mtandao mmoja mdogo kwenda mwingine, hata TTL ikiwa 200. Tumia anwani zinazoanza na 239, ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi.

Sasa ile ya dakika nne, ambayo huwachanganya watu wengi kwa sababu mwanzoni kila kitu kinaonekana sawa. Swichi za kisasa husikiliza ujumbe wa IGMP, ambao vifaa hutumia kujiunga na kundi, unaopita ili zijue mlango upi una mtu anayehitaji kundi fulani. Skrini ikiwaka hutuma ujumbe mmoja wa kujiunga, swichi inauandika, na picha inakuja. Baada ya hapo lazima kuwe na kifaa kimoja kwenye mtandao kinachouliza kila baada ya sekunde 125, kwa mpangilio wa kawaida, "nani bado yupo?" ili skrini zijibu na swichi ihuishe orodha yake. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na ruta yenye maltikasti. Kama ruta hiyo haipo na hakuna swichi iliyopewa jukumu la kuuliza, hakuna anayeuliza, skrini hazijibu, na orodha inafutika baada ya sekunde 260, yaani dakika nne na sekunde ishirini. Hapo ndipo picha yako inapoganda. Ingia kwenye swichi kuu, tafuta ukurasa wa mipangilio ya IGMP, uipe jukumu la mwulizaji katika kila VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) inayobeba video, kisha uache picha ikiendelea kwa nusu saa kabla ya kusema imepona.

Usije ukamaliza tatizo hilo kwa kuzima usikilizaji wa IGMP kwenye swichi, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri. Ukiuzima, swichi itamwaga video kwenye kila mlango, na mashine za kuchapa za ofisi ya uhasibu nazo zitaanza kupokea mahafali.

Kuhusu Wi-Fi, ushauri wangu ni mfupi: skrini za kumbi zote zivutiwe waya. Kituo cha Wi-Fi kinapotuma pakiti ya mtu mmoja, husubiri kuthibitishiwa kwamba imefika, na isipofika hurudia. Pakiti ya maltikasti haithibitishwi na mtu, kwa hiyo hairudiwi, na ili hata aliye mbali aisikie, kituo huituma kwa moja ya kasi za chini kabisa. Mkondo wako wa megabiti 3 ukitumwa kwa kasi ya megabiti 6 unakula zaidi ya nusu ya muda wote wa hewani, na wanafunzi waliopo chumbani watakulaani bila kujua wanamlaani nani. IETF ilitoa waraka mzima kuhusu jambo hili mwaka 2021, RFC 9119. Vituo vya bei kubwa vina uwezo wa kugeuza maltikasti kuwa nakala ya mtu mmoja mmoja kabla ya kuirusha hewani. Kama vyenu vina uwezo huo, uwashe. Kama havina, wanaotazama kwa Wi-Fi wapelekwe kwenye mfumo wa vipande anaousema dada.

Niko_Leeds:

Salaam kutoka Uingereza. Naomba niwapinge kidogo wanaoizungumza maltikasti kama marehemu.

Huku niliko, mamia kwa maelfu ya nyumba hupokea chaneli za televisheni kwa maltikasti kila jioni, kupitia visanduku vya BT, kampuni kubwa ya simu na intaneti ya hapa. Wenyewe hawajui wala hawahitaji kujua. Inawezekana kwa sababu BT inamiliki ruta za kati, laini inayoingia nyumbani na kisanduku kilichoko sebuleni, kwa hiyo anayeingia gharama ndiye anayeokoa. Lile swali la nauli la Mzee_wa_Ruta halipo. Ndiyo maana naona tunapouliza kama maltikasti inafaa kwa intaneti tunachanganya mambo mawili. Baina ya mitandao imeshindwa, na BBC, waliofanya majaribio na baadhi ya watoa huduma wa hapa katikati ya miaka ya 2000, walijionea wenyewe. Ndani ya mtandao mmoja haijawahi kuondoka.

Na sasa inarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2023 BT walitangaza mfumo waliouita MAUD, ambao ndani ya mtandao wa BT hubeba vipande vya mechi kwa maltikasti mpaka nyumbani, kisha kule nyumbani huvikabidhi kwa programu ya mtazamaji kama vipande vya kawaida vya HTTP. Programu haijui kilichotokea njiani. Shirika la DVB, linalotunga viwango vya televisheni ya kidijitali, nalo limeweka kiwango cha wazi cha kazi hiyohiyo. Pingamizi la Dada_Vipande kuhusu kivinjari linajibiwa hapo, kwa sababu kivinjari hakiguswi. Kinachosukuma ni michezo. Mtandao hujengwa kwa kipimo cha saa yake yenye msongamano mkubwa kuliko zote, na saa hiyo siku hizi ni ya mechi kubwa.

Nikubali jambo moja, hata hivyo, linalowahusu zaidi ninyi mlioko nyumbani. Wazazi wengi watatazama kwa simu, na kwenye mtandao wa simu data ya kila mteja hupita katika handaki lake binafsi kutoka katikati ya mtandao hadi kwenye mnara. Hata ukiingiza nakala moja ya maltikasti, itagawanywa kabla ya kuingia kwenye mahandaki, kwa hiyo huokoi chochote katika sehemu iliyo ghali kuliko zote. Kuna teknolojia ya kutangaza kutoka mnarani kwa simu zote kwa pamoja, na kampuni ya simu ya KT ya Korea Kusini ilianza kuiuza mwaka 2014. Lakini inadai simu zenye uwezo huo na inatenga masafa ambayo kampuni ingeyauza kwa namna nyingine. Kwa wazazi wa mahafali, isahau.

Dada_Vipande:

Kaka wa Leeds, hapo sipingi. Ila angalia kwamba hata huko, maltikasti imekubalika pale ilipokubali kubeba vipande.

Mzee_wa_Ruta:

Turudi kwa mwenye swali, maana BT haitamfikishia mzazi wa Sumbawanga mahafali.

Ndugu Mitambo, unachohitaji kutoka kwenye maltikasti ni lile tunda lake moja: nakala itoke chuoni mara moja. Hilo unaweza kulipata bila kumwomba mtu yeyote afungue chochote. Kodi seva kwenye kituo cha data cha Dar es Salaam kilichounganishwa na TIX, kile kitovu ambapo watoa huduma wa Tanzania hubadilishana trafiki yao. Kutoka chuoni tuma mkondo mmoja tu hadi kwenye seva hiyo, nayo iukate vipande na kuugawa kwa wazazi. Njia yako ya megabiti 200 itabeba megabiti 3, au tuseme 6 kama utatuma mkondo wa pili wa akiba, na ofisi ya udahili itaendelea na kazi zake bila kujua kuna mahafali.

Mahali pa seva pana uzito. Ukikodi seva Ulaya kwa sababu ni rahisi, mkondo wako utavuka bahari kwenda na kurudi ili tu kumfikia mtu wa Kibaha. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mahafali yaliyokuwa na seva ndani ya nchi, na watazamaji ndani ya nchi, hayakuhitaji mikongo hiyo. Kwa ndugu walioko nje, ongeza mtandao wa kusambaza maudhui wa kulipia (seva za akiba zilizotawanywa sehemu nyingi) mbele ya seva yako. Hauweki tangazo la sabuni.

Omba bei kwa kiasi kinachopita, usiombe bei ya njia ya mwezi. Wazazi 400 kwa megabiti 3, kwa sherehe ya saa nne, ni takriban terabaiti 2.2. Hilo ndilo la kumpelekea mhasibu.

Pia waulizeni TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, kama chuo chenu ni mwanachama. Mitandao ya elimu na utafiti, kama Internet2 ya Marekani na GÉANT ya Ulaya, ndiyo iliyoibeba maltikasti baina ya taasisi baada ya watoa huduma wa biashara kuiacha. Kama ruta kati ya kampasi zenu tatu ziko chini ya mkono mmoja, huenda mkapata maltikasti kutoka kampasi hadi kampasi kwa ombi la barua pepe. Na kama wakikataa, kuna AMT, iliyowekewa kanuni na RFC 7450 mwaka 2015, inayofunga maltikasti ndani ya pakiti za kawaida ili ivuke sehemu isiyoielewa. Kwa kampasi tatu inawezekana. Kwa wazazi 400 sikushauri.

Mitambo_Chuoni:

Nimeandika kila kitu, mzee. Kumbi zitatumia maltikasti kwa waya, mwulizaji tayari nimemweka kwenye swichi kuu, na wazazi watahudumiwa na seva ya Dar. Limebaki moja ambalo sikulitarajia: mwaka jana kuna wazazi waliolalamika kwamba matangazo yaliwamalizia bando kabla jina la mtoto halijasomwa.

Dada_Vipande:

Hao walikuwa na haki. Saa nne kwa megabiti 3 ni gigabaiti 5.4 kwa kila mzazi. Tengeneza ubora wa aina tatu: megabiti 3 kwa wenye nyuzi, kilobiti 600 kwa simu, ambazo kwa sherehe nzima ni gigabaiti moja na kidogo, na sauti pekee kwa kilobiti 48, ambayo haifiki megabaiti 90. Ule wa kilobiti 600 ndio uwe wa kuanzia, mtu apandishe mwenyewe akitaka. Halafu weka kwenye ukurasa ratiba ya saa ambayo kila kitivo kitaanza kuitwa, ili mzazi afungue wakati wa mtoto wake badala ya kukaa na maandamano ya wanataaluma tangu saa tatu asubuhi.

Kitu kingine cha kuwatayarisha watu. Skrini za kumbi kwa maltikasti zitakuwa nyuma ya tukio kwa sekunde moja au mbili, wakati wazazi kwa vipande vya sekunde sita wanaweza kuwa nyuma kwa sekunde 20 au zaidi. Mhitimu atapiga simu nyumbani kushangilia jina ambalo mama bado hajalisikia. Punguza vipande viwe vya sekunde mbili, pengo litashuka. Usishuke zaidi ya hapo kwa watu wa 3G, maana kila kipande ni ombi jipya na simu yenye mawimbi dhaifu itashindwa kuyafuata.

Fundi_Swichi:

Na siku yenyewe, mtu mmoja abaki kwenye swichi kuu akiwa na nenosiri. Nimeona umeme ukikatika, swichi ikawaka upya na mipangilio ya zamani kwa sababu hakuna aliyehifadhi mabadiliko.